Sarafu ya Tembo na Cheti Nilichokataa Kuandika

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Nimeombwa nieleze kazi yangu, kwa kuwa wengi hudhani mthamini wa sarafu za kale ni sonara wa aina fulani. Sonara hupima dhahabu na kutaja bei. Mimi nami hupima dhahabu, lakini baada ya hapo huuliza sarafu imepitia mikono ya namna gani.

Nichukue mfano wa hapa hapa Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa vitani, na bahari imefungwa na manowari za Waingereza, fedha haziwafikii. Wakagonga zao hapa. Walitoa heller 5 na heller 20 za shaba (neno “hela” mnaloliandika katika kila barua ya nyumbani limetoka huko), kisha sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga, na mlima nyuma yake. Ziligongwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Wabelgiji waliingia mjini Septemba ya mwaka huohuo. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu tupu.

Sasa, ukiniletea moja, kwanza naiweka kwenye mizani, kisha natazama ukingo kwa kioo cha kukuzia, maana ya bandia iliyosubuiwa mara nyingi huacha mstari mahali vipande vya kalibu vilipokutana. Halafu naiinamisha polepole chini ya taa. Sarafu iliyogongwa ina mng'ao wake wa asili, unaozunguka kadiri unavyoigeuza. Ikisuguliwa, mng'ao huo hufa na haurudi. Kwa hizi za Tabora kuna mtego mmoja: ziligongwa kwa shida ya vita, nyingine hazikushika chapa sawasawa tangu siku ya kwanza. Asiyejua husema zimechakaa, kumbe hazijawahi kutumika sokoni.

Madaraja tunayotumia yana asili ya Marekani. William Sheldon aliyapanga mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, kutoka 1 hadi 70, akidhani ya 70 ingekuwa na thamani mara 70 ya ile ya 1. Soko halikumtii, ila namba zake zimebaki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyotumika. Makampuni yaliyoanzishwa huko miaka ya 1986 na 1987 huzifungia sarafu ndani ya plastiki pamoja na daraja lake. Iliyosafishwa vibaya au kutengenezwa hunyimwa namba, kasoro yake ikaandikwa palepale.

Hapo ndipo nilipogombana na mwenzetu. Tulikuwa bweni moja. Ameniruhusu niseme, mradi jina nisilitaje.

Alikuja kwangu na sarafu ya tembo aliyoacha marehemu mama yake. Walikuwa wameona bei ya mnada ya sarafu kama hiyo, wamekwisha kugawana zile fedha kwa maneno, naye amekopa ada ya mtoto kwa kutegemea fungu lake. Niliipima, ikawa halali. Nikafurahi kuliko yeye. Nilipoigeuza chini ya taa nikaona doa la lehemu juu ya kichwa cha tembo, na uso wote umeng'arishwa. Mama aliivaa kama kidani, na fundi mmoja alikiondoa kikuku baadaye ili “iwe safi”.

Akaniambia, “Andika kwamba ni halali. Mengine acha.”

Nikamjibu kwamba ni halali kweli, lakini atakayeinunua kwa cheti changu atalipa bei ya sarafu isiyo na doa. Niliandika yote mawili. Ilikuwa bado inazidi bei ya sonara, lakini haikufika hata nusu ya ile waliyogawana. Aliondoka bila kuaga, na hatukusemezana miezi minane. Sikulala vizuri, maana mtoto yule namfahamu.

Baadaye dada yake mkubwa alinunua mafungu ya wenzake kwa bei niliyoandika, kidogo kidogo, na ada ikalipwa kwa kuchelewa muhula mmoja. Amerudisha kikuku. Mwaka jana niliiona sarafu ile shingoni mwake kwenye harusi, tembo kichwa juu.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya chakula nitakaa pale chini ya mwembe na mizani yangu. Mwenye sarafu aje nayo kama ilivyo, na vumbi lake. Mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili nilisugua heller ya bibi yangu kwa majivu na ndimu nikailete kwenye maonyesho ya shule, na nikapigiwa makofi.