Mshahara Umelipwa?

Orodha ya Uturuki ya Novemba 2025, ile ya wanasoka waliotuhumiwa kubeti, imeshasomwa na kurudiwa, na wasikilizaji hawana haja ya kuhadithiwa upya kwa kirefu. Wachezaji 1,024 walipelekwa mbele ya kamati ya nidhamu ya shirikisho lao kwa tuhuma za kubeti, ligi za ngazi ya tatu na ya nne zilisimamishwa kwa wiki 2, na mwenyekiti wa klabu ya Eyüpspor aliwekwa rumande. Kabla yao walikuwa waamuzi: kati ya 571, waliokutwa na akaunti za kubeti ni 371, na mmoja wao aliweka mikeka 18,227. Vijiweni watu wamecheka wakiuliza bwana huyo alipata wapi muda wa kupuliza filimbi.

Redio hii haicheki.

Kinachoitia wasiwasi kimo ndani ya hesabu yenyewe. Kati ya hao 1,024, wa ligi kuu ni 27 tu. Wengi wa waliobaki wanatoka madaraja ya chini, watu ambao hata shabiki wa Istanbul hawezi kuwataja kwa majina. Na ligi mbili zilizosimamishwa zilikuwa zikibeba jina la kampuni ya kubeti, Nesine. Kampuni inaandikwa kwenye jina la ligi, mchezaji akibeti kwenye kampuni hiyo anafungiwa. Kanuni ni kanuni, na mchezaji kweli hapaswi kubeti. Lakini redio hii ina swali moja, nalo si geni kwa wanaoisikiliza kila wiki: mshahara umelipwa?

Swali hilo ni la hapa nyumbani Kenya pia. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia George Owino, aliyekuwa beki wa timu ya taifa, Harambee Stars, kwa miaka 10 na kumtoza faini ya faranga 15,000 za Uswisi, kwa kula njama ya kupanga matokeo na mpanga matokeo Wilson Raj Perumal wa Singapore. Mwaka 2020 ikawa zamu ya wachezaji 4 waliochezea klabu ya Kakamega Homeboyz, nao kwa kupanga matokeo: watatu miaka 4 kila mmoja, wa nne maisha. Mwaka 2021 klabu ya Zoo ya Kericho ikatolewa Ligi Kuu kwa kosa hilo hilo. Januari 2023 FKF, shirikisho la soka la Kenya, ikawasimamisha wachezaji 14 na makocha 2 kwa mpigo, kwa tuhuma hizo hizo. Machi 2025 akasimamishwa kipa wa Harambee Stars kwa siku 90 baada ya video ya madai ya kupanga matokeo kusambaa mitandaoni. Jina lake wasikilizaji wanalijua, na redio hii haitalirudia, kwa kuwa kusimamishwa si kuhukumiwa.

Kila mara taarifa inatoka na barua yenye mhuri, mchezaji anatajwa, anafungiwa, faili linafungwa. Yule anayepiga simu usiku kabla ya mechi, yule mwenye fedha, hatajwi. Perumal mwenyewe alifungwa jela, ndiyo, lakini ni Finland iliyomfunga, mwaka 2011, kwa aliyoyatenda kule.

Je, mshahara ulikuwa umelipwa? Kama swali hilo liliulizwa, liliulizwa kwa kunong'ona.

Mwaka 2016 FIFPro, chama cha wachezaji duniani, kiliwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema walicheleweshewa mshahara katika miaka 2 iliyotangulia, na waliocheleweshewa ndio waliofuatwa zaidi na wapanga matokeo. Mpanga matokeo anajua pa kubisha hodi. Anafahamu ni klabu gani haijalipa tangu Agosti kuliko anavyofahamu msimamo wa ligi.

Kuna watakaosema: mbona mshambuliaji Ivan Toney alibeti akiwa analipwa vizuri Uingereza? Mbona kiungo Sandro Tonali? Ni kweli. Toney alifungiwa miezi 8 mwaka 2023 kwa makosa 232, huku jezi yake ya Brentford ikiwa na tangazo la Hollywoodbets kifuani. Tonali alifungiwa miezi 10 ya kutocheza, na juu yake miezi 8 ya matibabu ya uraibu na kwenda kuzungumza na vijana. Wao waliugua uraibu, na adhabu zao zilizingatia hilo. Kupanga matokeo ni kosa kubwa zaidi ya kubeti, hilo redio hii haibishani nalo. Inachouliza ni nani aliyewahi kumpa mchezaji wa Kakamega au Kericho mtu wa kuzungumza naye kabla mambo hayajaharibika. Au hata mshahara.

Na fedha zenyewe za ligi zilitoka wapi? Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipokosa leseni mwaka 2019 na kusitisha udhamini, ligi ya Kenya ilibaki mikono mitupu. Nyingine, BetKing, ikaja mwaka 2020 na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka 5, ikaondoka mwaka uliofuata. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zinazojaza viwanja kuliko nyingine zote nchini, zikazuiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni. Kwa hiyo kampuni ya kamari ikikohoa, mchezaji analala njaa. Mchezaji akigusa kamari, anafungiwa. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, na viongozi wa klabu wanalijua hilo kwa sababu wao hawajawahi kukosa marupurupu ya safari.

Basi yatosha. FKF, acheni kutoa leseni kwa klabu isiyoonyesha karatasi za benki kwamba wachezaji wamelipwa. Klabu iliyokaa miezi 3 bila kulipa ikatwe pointi, hadharani, kama wanavyotajwa wachezaji hadharani. Polisi, fuateni namba za simu na miamala, msiishie kwa kipa. Na ninyi wachezaji, mkipigiwa simu hiyo, semeni siku hiyo hiyo, kwa nahodha, kwa chama chenu, kwa yeyote; msingoje video isambae. Wenyeviti wa klabu, mmewasikia wa Uturuki, na mmesikia mwenzenu alipelekwa wapi. Lipeni mishahara ya mwezi uliopita. Lipeni na ya mwezi wa kabla yake.