Kabla ya kulipa garanti: kutafuta nyumba ya kupanga Goma
(Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wa kartye)

Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, familia nyingi hazikurudi kijijini. Zinatafuta nyumba mjini, na zinatuuliza: twende kartye gani?

Tuanze na familia moja tuliyoisindikiza, watu tisa. Baba alipenda nyumba ya mbao kule Ndosho: kodi ni ndogo, na watu wa kwao ni wengi huko. Mama alitaka Kyeshero, karibu na ziwa, maana anauza sambaza na kila asubuhi anazinunua Kituku. Walibishana wiki mbili. Aliyewakaribisha alikuwa amekwisha kuchoka, ijapokuwa hakusema.

Tulikwenda pamoja nao kuona nyumba zote mbili. Ndosho, choo kilikuwa kifupi kwani chini ni mawe ya volkano, na familia nne zinakitumia. Maji yananunuliwa kwa bido, yanaletwa na chukudu. Baba alikuwa amehesabu kodi peke yake. Tulipoongeza maji, na pikipiki ya mama kila siku, tofauti ilibaki kidogo sana.

Nyumba ya Kyeshero ilikuwa nzuri, lakini ilikaa shimoni. Jirani mmoja mzee alituambia kwamba mara mbili alikuta kuku wake wamekufa pale alfajiri. Ndiyo mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inatuama bondeni, zaidi usiku wakati hakuna upepo. Inaua mtu akiwa usingizini, na mtoto anayelala chini ndiye wa kwanza. Nyumba kama hiyo msiichukue hata mkipewa bure. Komisioneri hakuwa amesema neno. Kwa hiyo waulizeni majirani, tena wale wa siku nyingi.

Upande wa kaskazini, kuelekea Buhene, lava ilifika tarehe 22 Mei 2021. Hatusemi watu wasikae huko, wengi wanakaa. Lakini mwenye mzee au mgonjwa nyumbani asipange mbali na barabara ya magari.

Sasa garanti. Mwenye nyumba mwingine aliwaomba miezi 6. Sheria ya tarehe 31 Disemba 2015 inasema nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Tulimweleza kwa upole, akakubali. Pesa mpeni mwenyewe, mbele ya chef wa avenyu na mashahidi, kwa karatasi yenye sahihi.

Nanyi viongozi, kuhusu hilo la «watu wa kwetu». Tunalielewa: aliyekimbia vita anatafuta lugha yake. Lakini avenyu ikiwa ya kabila moja, uvumi unatembea haraka, na wa avenyu ya pili anakuwa adui bila kukosa kitu. Mgeni akifika, mwandikeni, mtembezeni kwa majirani wote wiki ile ile. Msingoje ugomvi wa bomba ndipo mjue jina lake.

Familia ile ilipata vyumba viwili Kyeshero, juu kidogo, bila saluni. Baba bado anasema ni ghali. Yule mzee wa kuku ndiye aliyewasaidia kubeba magodoro.