Mukate wa mashanza: kabla ya kuomba furu kubwa

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Kibati)

Leo hatukuja na daftari la kuandika majina, wala makaratasi ya kutia kidole. Tumekuja na sufuria mbili, unga wa ngano na bidoni ndogo ya mashanza. Mukate uko ndani ya ile sufuria pale mlangoni, na tukimaliza kusema utakuwa umeiva. Kama haujaiva, mutatucheka, na mutakuwa na haki.

Tutasema mambo matatu: mukate wenyewe, kosa letu sisi, na ile hoja ya furu ambayo muko nayo mezani leo.

Tuanze na maziwa. Kila mtu hapa anajua namna yanavyoshuka. Asubuhi pikipiki zinapita na bidoni za njano, zinatoka upande wa Kibumba, zinaelekea Goma. Siku barabara iko nzuri, maziwa yanafika na yanauzwa. Siku barabara imefungwa, au mafuta ya pikipiki yamekosekana, au mnunuzi wa mjini hakuja, maziwa yanabaki huku juu na kuganda. Mwenye ng'ombe anayatoa kwa bei ya kutupa. Tumeona hata wamama wakilipwa mashanza baada ya siku nzima ya kulima shamba la mtu. Siku ya kwanza unakunywa na watoto. Siku ya pili watoto wanakunja uso. Siku ya tatu unamwaga.

Mmoja wenu, mama wa upande wa Buhumba, ndiye alitufungulia akili. Yuko hapa, na hataki tumtaje jina. Alikaa Kanyaruchinya tangu mwisho wa 2022. Mwezi wa pili wa 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilibaki tupu, alirudi kwake akakuta nyumba bila mlango na bila bati. Alikuwa na sufuria moja. Tulipomtembelea na mpango wetu wa mafunzo, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Kila siku munatufundisha kitu cha kununua. Mutufundishe kitu cha hiki kilichoharibika." Akatuonyesha mashanza yake ya siku tatu.

Hatukuwa na jibu. Tulirudi ofisini tukiwa kimya.

Jibu tulilipata baadaye, na si sisi tulioligundua. Huko Ireland, nchi ya Ulaya iliyopigwa na njaa kubwa kuanzia 1845 baada ya viazi vyao kuoza shambani, watu maskini walikuwa wanapika mukate bila levire na bila furu. Walichukua unga, maziwa yaliyochachuka, chumvi na bikarbonati, wakapika ndani ya chungu cha chuma juu ya moto, na makaa juu ya mfuniko. Mpaka leo mukate huo uko kwenye meza zao, na hawauonei haya. Sisi tuko na unga, tuko na mashanza, tuko na mbabula. Kilichokosekana ni bikarbonati tu, na hiyo inauzwa kwenye butiki, kidogo kidogo.

Inafanyaje kazi? Mashanza yako na asidi, ndiyo ile inayofanya ulimi ukunjane. Asidi ikikutana na bikarbonati, inatoka gesi, na gesi inainua unga. Munaijua gesi hiyo. Ndiyo ileile inayojificha kwenye mashimo kati ya Goma na Sake, ile tunaita mazuku, ambayo inaua mbuzi na hata watu. Ndani ya mukate ni kidogo sana, na inatoka yote wakati wa kupika. Musiogope. Lakini mujue jambo moja: gesi hiyo inaanza kutoka palepale unapochanganya, na haingojei mtu. Ukichanganya halafu ukaenda kuongea na jirani, mukate unalala.

Sasa tuseme vipimo. Tunatumia kikombe cha robo lita. Unga wa ngano vikombe vinne, ni karibu nusu kilo. Mashanza kikombe kimoja na nusu, na kidogo zaidi kama unga bado umekauka. Bikarbonati kijiko kimoja kidogo cha chai, kisawazishwe kwa kidole, kisijae mlima. Chumvi kijiko kimoja kidogo. Sukari si lazima.

Unachanganya kwanza vikavu vyote vizuri, usiache bonge la bikarbonati. Unachimba shimo katikati, unamwaga mashanza, unakoroga kwa mkono mpaka vishikane. Usikande kama chapati! Hapo ndipo wengi tunaharibu. Ukiukanda sana unakuwa mgumu kama jiwe la lava. Unaufanya mviringo, unaupasua juu kwa kisu, alama ya msalaba, ili moto uingie katikati. Unautia kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na unga kidogo.

Furu yetu ni hii. Sufuria kubwa na nzito, ndani yake changarawe ya lava, kimo cha vidole viwili. Tunaiweka kwenye mbabula kabla ya kuchanganya unga, ili ipate moto mapema. Sufuria ndogo inaingia juu ya changarawe, tunafunika, tunatia makala yanayowaka juu ya mfuniko. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo chini kunaungua na juu kunabaki kweupe. Dakika arobaini mpaka hamsini. Ukiutoa, ugeuze, ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Ukilia kizito, urudishe.

Yako maonyo matatu. La kwanza, changarawe iwe kavu kabisa. Mawe yetu yako na matundu, maji yanajificha ndani, na jiwe lililolowa linaweza kupasuka kwenye moto na kukurukia machoni. Yaanike juani, halafu yapashe moto polepole bila mfuniko, watoto wakiwa mbali. La pili, usipike ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ya Kibati inakubana. Makala yanatoa hewa nyingine yenye sumu, haina harufu, na inaua mtu usingizini. La tatu, maziwa. Mukate ulioiva vizuri hauna shida, lakini wengi tunakunywa mashanza yenyewe. Chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe mpaka uvuguvugu, ndipo utie vijiko viwili vya mashanza mazuri ya jana. Yataganda vilevile, na magonjwa ya ng'ombe hayatafuata watoto.

Kuna na njia ya pili, ya mtu ambaye hana haraka. Jioni unachanganya nusu ya unga na mashanza yote, unafunika kwa kitambaa, unaacha mpaka asubuhi. Usiku unga unachachuka, unapata ladha ya mukate wa zamani. Asubuhi unatia nusu ya unga iliyobaki pamoja na bikarbonati na chumvi, unapika palepale. Mama wa Buhumba anasema huu ndio unaopendwa na wateja wake, na sisi hatubishani na mtu anayeuza.

Munaona pia kwamba maji hayakuingia. Huku kwetu mvua inanyesha sana na maji hayakai, mawe yanayanywa yote. Anayepanga mstari na bidoni ili apate maji anaelewa tunachosema.

Tusiwadanganye lakini. Mukate huu haulali. Asubuhi ni laini, jioni ni wa kuchovya chai, kesho yake ni mgumu. Uupike kwa idadi ya wateja wako. Na unga wa ngano unanunuliwa, bei yake inabadilika. Unaweza kupunguza kwa kutia birayi zilizochemshwa na kupondwa, kikombe kimoja mahali pa kikombe kimoja cha unga, na hapo upunguze mashanza kidogo. Usizidishe, mukate utakuwa mzito.

Na hesabu. Andika vitu vinne: unga, bikarbonati na chumvi, makala, mashanza. Hata kama mashanza ulipewa bure, yaandikie bei. Siku utakapoyanunua, usishangae kwa nini faida imekimbia.

Tufike kwenye kosa letu.

Tulipokuwa kambini, sisi wenyewe tulisimama mbele ya watu tukasema mukate utaleta maisha. Tulijenga furu ya matofali, tukaleta levire za pakiti na magunia ya unga. Siku ya kufungua tulipiga picha, na picha ilikuwa nzuri. Muda si mrefu unga wa msaada ukaisha. Furu ilitaka kuni nyingi ili ipate moto, na kuni za huku munajua zinatoka wapi, na munajua hatari ya mama anayekwenda kuzitafuta kwenye msitu wa Virunga. Wamama wakaacha, mmoja mmoja. Katika ripoti tuliandika kwamba mafunzo yalifanyika, na ilikuwa kweli. Hatukuandika kwamba furu ilipoa. Kambi ilipoachwa, furu ilibaki pale, haibebwi mgongoni. Tunaomba samahani, na tunaisema mbele ya wafadhili pia, kwa sababu franga zilikuwa zao na jasho lilikuwa lenu.

Sasa muko na hoja: franga za sanduku la chama zijenge furu kubwa hapa Kibati, na wafadhili waombwe kuongeza. Tulipoongea na wazee juzi, mzee mmoja alituuliza: "Munatukataza kujenga kwa sababu munafikiri tutakimbia tena? Munatutakia mabaya?" Swali hilo lilituuma. Mzee, hapana. Tunajua hesabu ya nchi hii. 2008 hapa Kibati palikuwa kambi. 2012 na 2013 vita vilipita juu ya mashamba haya. 2021, usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano, Nyiragongo ulitema moto na lava ikafika Buhene. 2022 barabara ilijaa watu kutoka Rugari na Kibumba. Mtu aliyepitia yote hayo akirudi na kupiga msumari wa kwanza kwenye nyumba yake, hatuna haki ya kumwambia asijenge. Mujenge. Mupande miti ya matunda.

Lakini sanduku ni kitu kingine. Ni franga za mgonjwa, za msiba, za mtoto aliyefukuzwa shule. Zikiingia kwenye matofali, hazitatoka siku mama anapojifungua usiku. Ushauri wetu ni huu: mukate ulipe furu yake. Chama kikopeshe sufuria nzito na kilo za kwanza za unga kwa vikundi vidogo, watu watano watano, kama munavyofanya likelemba. Wanarudisha kidogo kidogo, sufuria inayofuata inakwenda kwa kikundi kingine. Mwaka mmoja ukipita, muangalie daftari. Kama wateja wamekuwa wengi kuliko sufuria, hapo furu itakuwa na kazi, na itajengwa na franga za mukate. Kama sivyo, hamukupoteza sanduku, na kila mama amebaki na sufuria ya kupikia maharage.

Ninyi wafadhili, tunajua furu inatoa picha nzuri na sufuria haitoi. Tunawaomba mutuamini katika hicho kidogo. Mukitaka kuona kitu, tutawatumia kurasa za daftari, pamoja na zile ambazo hesabu yake ilikataa.

Kura ni yenu, wanachama. Sisi hatupigi. Mukichagua furu, tutakuja kubeba matofali pamoja nanyi, na hatutasema "tuliwaambia".

Basi tumemaliza. Mama wa Buhumba, wewe ndiye fundi, utufunulie sufuria. Geuza, gonga. Munasikia? Mukate ni mmoja na sisi ni wengi, kwa hiyo kila mtu atapata kipande kidogo. Watoto watangulie.