Wabunge wa Jumuiya na Sisi Tuliovuka Mpaka

(Hotuba ya kamati kwa wakazi wa Lobule, Koboko, na wageni kutoka Arua)



Tumeombwa kueleza habari za Bunge la Afrika Mashariki. Wengi wetu tulisikia kwamba Sudani Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, tukajiuliza: sisi yatuhusu nini?

Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Ya sasa ilitokana na mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, na bunge lake likaanza mwaka 2001 na wabunge 27 wa kuchaguliwa, tisa kwa kila nchi. Hawakuchaguliwa na wananchi bali na mabunge ya nchi zao. Hata Ulaya walianza hivyo mwaka 1952. Wananchi wao hawakupiga kura hadi 1979.

Lakini wabunge wale wa mwanzo hawakukubali kuwa pambo. Mwaka 2005 Baraza la Mawaziri lilitaka kuichukua miswada iliyoletwa na wabunge wenyewe. Watatu wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki: Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania. Angalieni, nchi tatu, kesi moja! Mwaka 2006 mahakama ikaamua kwamba mswada ukishafika bungeni, mawaziri hawawezi kuuondoa bila ruhusa ya bunge.

Basi nasi tunayo ya kuwapelekea. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kwenda nchi nyingine kutafuta kazi. Safari ya mkimbizi imeachiwa mikataba ya kimataifa. Hapa Koboko Wakakwa wa nchi tatu wana lugha moja. Anayevuka kwa biashara ni mwana Jumuiya, anayekimbia risasi anaandikwa katika kitabu kingine. Hatusemi mikataba hiyo ni mibaya, imetulinda. Tunauliza kijana wetu aliyesomea hapa, akitaka kazi Nairobi, asimame katika mstari upi.

Kamati inawaandikia wabunge wa Sudani Kusini, wa Kongo na wa Uganda. Bunge hukaa Arusha, ila vikao vingine huzunguka miji mikuu, na Kampala tunaweza kufika kwa basi. Mwenye cheti kilichokataliwa mahali akilete kwa katibu kabla ya Jumamosi.