KUUNGANISHA OFISI SI KUJENGA NYUMBA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo linalomhusu kila mwenye kulala chini ya paa, nalo ni zile ofisi za Serikali zenye kumiliki nyumba za watu, na ile desturi ya kuzifanya mbili kuwa moja. Mara kwa mara husikika maneno kwamba ofisi ya mji ikiunganishwa na ya wilaya, gharama zitapungua na nyumba zitapatikana. Sisi hatupingi umoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini wazee walisema pia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie.

Tutazame yaliyotokea Bara. Mwaka 1962 sheria Na. 45 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ilikuwa kujenga, na huko Magomeni, Dar es Salaam, vibanda vya udongo vilibomolewa, zikasimamishwa nyumba za matofali. Mwaka 1971 ikaja sheria nyingine. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na Serikali, yakatiwa mkononi mwa Msajili wa Majumba. Huyu hakuwekwa ajenge. Aliwekwa ashike yaliyokwisha jengwa na kukusanya kodi. Kwa hiyo nchi ikawa na wenye nyumba wawili, na wote wawili ni Serikali.

Mwaka 1990, kwa sheria Na. 2, ofisi ya Msajili ilivunjwa, na majumba yake na madeni yake yakahamishiwa Shirika. Je, nyumba ziliongezeka kwa sababu hiyo? La hasha. Kasi ya kujenga ilikwisha punguka kabla, na kuunganishwa peke yake hakukuirejesha. Shirika lilirithi majumba ya zamani yenye paa zinazovuja na kodi ndogo isiyotosha matengenezo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na huyu alipewa nyufa za watu wawili. Baada ya mwaka 2010 Shirika lilianza tena kujenga kwa wingi kwa fedha za mikopo, lakini nyumba nyingi zilikuwa za kuuzwa, na watu wa kipato kidogo walilalamika kwamba bei imewashinda.

Asije mtu akadhani twasema kwamba kubadili ofisi ni kazi bure daima. Singapore ni kisiwa kama vyetu. Ofisi yake ya zamani, iliyoundwa mwaka 1927, ilijenga nyumba zipatazo 23,000 katika miaka 32. Mwaka 1960 kazi hiyo ilikabidhiwa bodi mpya, na katika miaka mitano ya mwanzo bodi hiyo ilijenga zaidi ya 50,000. Siri haikuwa jina jipya mlangoni. Siri ilikuwa amri ya kujenga, pamoja na ardhi na fedha za kuitekeleza.

Sasa twendeni mbali na miji. Machochwe ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, karibu na mpaka wa Hifadhi. Mkulima na mfugaji wa huko hujenga kwa jasho lake mwenyewe. Udongo wake, miti yake, na bati akijaaliwa. Majumba yaliyotwaliwa mwaka 1971 yalikuwa ya mijini, khasa Dar es Salaam. Mtu wa Machochwe akituuliza, "Mwaka 1990 mliunganisha mwenye nyumba wa mjini na mwenye nyumba mwingine wa mjini, mkaliita Shirika la Taifa, mimi nimo katika Taifa hilo?" tutamjibu nini? Swali hilo ndilo kipimo cha kila muungano wa namna hii. Asiye na nyumba amepata nini?

Ndugu zetu, khabari hii si ya mbali. Nyumba si jambo la Muungano, na Shirika la Bara halina mamlaka huku. Sisi tuna Shirika la Nyumba la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Tuna majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Tuna ya Wete, Chake Chake na Mkoani. Na tuna ndugu wa mashamba, Unguja na Pemba, ambao wako katika hali ya yule wa Machochwe.

Kwa hiyo siku yoyote tutakapoambiwa kwamba ofisi mbili za nyumba zitakuwa moja, wanachama wetu wasipige makofi wala wasizomee. Waulize mambo matatu.

Kwanza, daftari. Kila nyumba, mpangaji wake, kodi yake na hali yake viandikwe, na mwananchi aruhusiwe kusoma, kabla ya ofisi kuvunjwa.

Pili, matengenezo. Sehemu ya kodi itengwe kwa paa na mabomba, isiguswe kwa kazi nyingine.

Tatu, sauti na hesabu. Wapangaji wawe na wajumbe wao waliowachagua wenyewe, na kila mwaka itangazwe idadi ya nyumba mpya, mjini ngapi na mashamba ngapi.

Yakijibiwa hayo matatu, sisi tutakuwa wa mwanzo kuunga mkono. Yasipojibiwa, tutajua kwamba vilivyounganishwa ni viti vya wakubwa, na mvua itaendelea kumnyeshea yule yule.