Saumu ya Ulimi: Kisa cha Nahodha Sarfaraz



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, nimepewa mada ya saumu ya ulimi. Mtashangaa nikianza na kriketi, lakini nivumilieni, futari bado.

Yuko mchezaji wa Pakistan, Sarfaraz Ahmed, mzaliwa wa Karachi, 1987. Ni hafidh, alihifadhi Qur'ani akiwa mtoto. Uwanjani alikuwa mlinda wiketi, yaani yule avaaye glavu akachutama nyuma ya vijiti vitatu, akidaka mipira na kuwapigia wenzake kelele siku nzima. Kwa hivyo kazi yenyewe ni ya mdomo pia.

Mwaka 2017 ndiye aliyekuwa nahodha katika Kombe la Mabingwa kule Uingereza. Pakistan waliingia wakiwa wa mwisho katika orodha ya timu 8, na mechi ya kwanza India wakawacharaza kwa mikimbio 124. Walipocheza na Sri Lanka mambo yalikuwa yameshaharibika, yeye akasimama akapiga 61 bila kutolewa mpaka wakashinda. Fainali ilikuwa 18 Juni, kumi la mwisho la Ramadhani, uwanja wa The Oval, London, na India wale wale. Pakistan 338, India 158! Jamani, hata sisi tusiojua kriketi siku ile tuliijua.

Sasa njooni Durban, 22 Januari 2019. Pakistan wanacheza na Afrika Kusini, na kijana mmoja mweusi, Andile Phehlukwayo, anawasumbua. Alikuwa ameshawatoa wachezaji 4, na sasa anapiga na hatoki. Sarfaraz, nyuma ya vijiti, akasema kwa Kiurdu. Akamwita kwa weusi wake, akauliza mamake amekaa wapi leo, na amemsomesha kisomo gani. Maikrofoni iliyo kwenye vijiti ikayanasa yote, dunia nzima ikasikia.

Alipoomba radhi alieleza kwamba hakukusudia maneno yale yasikike wala yaeleweke na wapinzani. Hapo ndipo paliponichoma mimi. Kwani sisi hatufanyi hivyo? Mtu yuko mbele yetu dukani au ndani ya matatu, twamsema kwa lugha asiyoijua, kisha twacheka, na saumu tumefunga.

Rangi ya mtu na mamake. Si tumesoma madrasani kisa cha Abu Dharr (R.A.)? Alimtukana mtu kwa ajili ya mamake, na wengi husema mtu huyo alikuwa Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba ndani yake bado kuna ujahiliya. Na huyo ni swahaba! Basi usidhani kuhifadhi juzuu 30 kunaufunga mdomo wenyewe.

Lakini tumtendee haki. Sarfaraz alimwendea Andile ana kwa ana, akaomba msamaha, wakapeana mikono, naye akasamehewa. Hata hivyo alifungiwa mechi 4. Oktoba mwaka huo akavuliwa unahodha, ingawa hilo lilitokana na matokeo ya uwanjani. Akakaa karibu miaka 4 bila kucheza mechi za siku tano. Aliporudi, Desemba 2022, ilikuwa kwao Karachi, dhidi ya New Zealand. Alipiga 86, 53, 78, kisha 118 siku ya mwisho, akatangazwa mchezaji bora wa mechi zile mbili.

Mimi nami nina langu. Madrasani tulikuwa na mwenzetu tuliyempa jina kwa rangi yake, na mimi ndiye niliyelianzisha. Alikuwa akicheka. Tulipokutana tena chuo kikuu nikamuomba radhi, nikidhani ameshasahau. Alinisamehe, Allah amlipe, ila alinitajia hata siku yenyewe: ilikuwa Alhamisi, tumetoka kuoga visimani kwa ajili ya maulidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.