CHAI, MAHARAGE NA DAMU YAKO

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Naona wale wa nyuma wameshajiegemeza ukutani, tayari kuuchapa usingizi. Msijali, leo tunazungumzia usingizi huohuo.

Darasani kuna usingizi wa aina mbili. Upo wa kukesha, umesoma au umepiga soga bwenini mpaka saa nane usiku. Huo dawa yake unaijua. Lakini upo mwingine. Umelala vizuri usiku kucha, ila kipindi cha tatu tu macho yanafumba yenyewe. Ukipanda ngazi moyo unadunda kama umetoka mbio za mita 400. Ukisimama ghafla, kizunguzungu. Mwalimu anakuita mvivu. Wenzako wanacheka. Nyumbani wengine wanaanza kunong'ona kwamba umerogwa.

Kabla hamjamtafuta mchawi, jiulizeni kwanza: je, damu inatosha?

Damu na daladala

Katika damu kuna chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Fikiria kituo cha daladala asubuhi. Abiria wamejaa, lakini magari ni machache. Abiria hawafiki kazini, na kazi zinalala. Mwenye upungufu wa damu yuko hivyo: hewa anavuta, lakini magari ya kuipeleka kwenye ubongo na misuli hayatoshi.

Chembe nyekundu moja huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine. Ndani yake mna kitu kiitwacho himoglobini, ndicho kinachoshika oksijeni. Himoglobini haitengenezeki bila madini ya chuma, na madini hayo tunayapata kwenye chakula.

Sasa sikilizeni, wasichana na wavulana. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 hivi za madini ya chuma kwa siku. Mvulana wa umri huo anahitaji 11 hivi. Kwa nini msichana azidi? Kwa sababu kila mwezi anapoteza damu ya hedhi. Hilo si jambo la kuchekesha wala la kuonea aibu, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Na wavulana, msijione mmesalimika. Ninyi mnarefuka na kujaza misuli, na vyote hivyo vinadai damu.

Tatizo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 hapa Tanzania ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Na umri huo unaanzia kwenu, hapo kidato cha pili na cha tatu.

Chuma kiko wapi?

Kipo kwenye maini, nyama, samaki na dagaa. Hiki mwili hukipokea kwa urahisi. Kipo pia kwenye maharage, kunde, choroko, dengu na mboga za majani kama mchicha na matembele. Hiki ni kigumu kidogo: unakula kingi, kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kinahitaji msaidizi.

Najua mnachofikiri: "Dada, nyama tunaiona sikukuu tu!" Sawa. Ndiyo maana leo sikuja kuwaambia mle nyama kila siku. Nimekuja kuwaambia kwamba maharage yaleyale mnayoyalalamikia yanaweza kukupa damu zaidi au kidogo, kulingana na unachokula pamoja nayo.

Msaidizi wake ni vitamini C. Hii huisaidia tumbo kukifyonza chuma cha maharage na mboga. Iko kwenye mapera, machungwa, maembe, mapapai, limau, nyanya mbichi na ubuyu. Ule ubuyu mweupe wa asili, siyo ule uliokolezwa rangi na sukari mpaka ulimi unageuka mwekundu. Kwa hiyo kachumbari si pambo la pilau tu. Kachumbari iliyokamuliwa limau, pembeni ya ugali na maharage, inafanya kazi ya maana.

Adui wake ni chai. Mnaguna? Ndiyo, chai, ya rangi na ya maziwa. Majani ya chai yana kitu ambacho hukishika chuma tumboni kisifyonzwe. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho ungekipata. Kahawa nayo inapunguza. Yaani umekula maharage ya kutosha, halafu chai imekunyang'anya sehemu kubwa ya faida yake.

Sisemi uache chai. Itenge tu na mlo. Kunywa saa moja kabla, au saa moja hadi mbili baada ya kula. Wakati wa kula, kunywa maji.

"Lakini mimi niko bweni!"

Kweli, jikoni hupangi wewe. Lakini haya manne yako ndani ya uwezo wako:

1. Pesa ya mapumziko. Badala ya soda na andazi kila siku, siku nyingine nunua pera au chungwa, na karanga. Tunda lile karibu na mlo wa maharage.

2. Limau moja mnaweza kugawana watu wanne. Kamua kwenye maharage au mboga ikishapakuliwa, maana moto mwingi huiharibu vitamini C.

3. Viranja, zungumzeni na mwalimu wa chakula kwa adabu. Ombeni maharage yalowekwe usiku na maji yale yamwagwe. Yataiva upesi, kuni zitapungua, na chuma chake kitafyonzwa vizuri zaidi.

4. Anzisheni bustani ya mchicha na matembele kwenye maji ya kunawia yanayomwagika bure. Pandeni na mipapai.

Chakula peke yake hakitoshi

Wazee walikuwa na neno safura kwa ugonjwa wa mtu aliyepauka na kuishiwa nguvu. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi, hasa ya miguu isiyo na viatu, kisha huenda kung'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Ukila maini huku minyoo inakunyonya, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Vaa viatu, tumia choo, na meza dawa za minyoo zinapogawiwa. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu, kwa hiyo lala kwenye chandarua.

Ukiwa na zile dalili nilizotaja, au hedhi yako ni nzito mno, nenda kituo cha afya upimwe. Ni tone tu la damu kidoleni. Msichana akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita ana upungufu. Mvulana wa miaka 15 na zaidi ni chini ya gramu 13. Usijinunulie vidonge vya kuongeza damu kabla ya kupima. Upungufu mwingine hautokani na chuma. Mwenye selimundu, kwa mfano, anahitaji uangalizi wa daktari.

Maswali ya kwenye vikaratasi

Soda nyeusi ukichanganya na maziwa inaongeza damu, eti ni kweli?

Hapana. Soda ni maji na sukari, na maziwa yana chuma kidogo sana. Rangi isikudanganye. Kitu kuwa chekundu au cheusi si ushahidi kwamba kina damu ndani yake.

Napenda kutafuna udongo na mchele mbichi. Siwezi kuacha. Je, nina kasoro?

Huna kasoro, na usijifiche. Hamu ya namna hiyo mara nyingi huwapata watu waliopungukiwa na chuma. Udongo wenyewe unaweza kuleta mayai ya minyoo na kukizuia chuma kufyonzwa. Kapime damu. Ukitibiwa upungufu, hamu hiyo mara nyingi huisha yenyewe.

Ninakula vizuri tangu wiki iliyopita, mbona bado nachoka?

Damu haijazwi kama tangi la gari. Mwili unaijenga pole pole, kwa wiki na miezi. Endelea. Na kama hukupima, kapime.

Kazi ya nyumbani

Chukua daftari. Kwa siku saba, andika kila ulichokula na ulichokunywa pamoja nacho. Mwisho wa wiki, hesabu: maharage na mboga zako zilikutana na chai mara ngapi, na zilikutana na tunda au limau mara ngapi? Halafu badilisha jambo moja tu.

Na yule mwenzenu anayesinzia kila siku kipindi cha tatu, msimcheke tena. Msindikizeni akapime damu.